Saa Ishirini na Nne za Seli: Mionzi, DNA na Wagonjwa wa Kanda ya Ziwa



Nimeombwa nizungumzie jinsi seli za mwili zinavyogundua na kurekebisha madhara ya mionzi. Ukiifungua mada hii kitabuni utadhani ni habari za maabara za mbali, kumbe inatuhusu sana sisi wa Kanda ya Ziwa. Kila siku ya kazi, hospitalini kwenye kilima cha Bugando hapa Mwanza, wagonjwa hulazwa chini ya mashine ya mionzi kwa dakika chache, kisha huamka na kwenda zao. Kupona kwao hutegemea mambo yatakayotendeka ndani ya seli zao usiku huo, wakiwa wamelala. Nitangulize kusema ninachokusudia: mionzi peke yake haimponyi mgonjwa wa saratani. Kinachomponya ni tofauti kati ya seli nzima inayojua kujirekebisha na seli ya saratani iliyopoteza sehemu ya ujuzi huo. Tofauti hiyo ni ndogo kwa siku moja. Hukua kwa kurudiwa siku baada ya siku, na ratiba ikikatika nayo hupotea.

Tuanze na mashine. Ndani ya kichwa cha mashine ya kobalti mna kidonge cha chuma chenye upana wa sentimita mbili hivi, kimebeba kobalti-60. Kila atomi ya kobalti hiyo inapobadilika kuwa nikeli hutoa miale miwili ya gama, mmoja wenye nguvu ya elektroni-volti milioni 1.17 na mwingine milioni 1.33. Kidonge hakizimwi. Matibabu yakiisha hurudishwa tu nyuma ya kinga nzito, na huko kinaendelea kutoa miale mchana na usiku hadi kitakapochoka. Nusu ya nguvu yake hupotea kila baada ya miaka 5.27. Maana yake ni kwamba mgonjwa aliyehitaji dakika mbili kidonge kilipokuwa kipya atahitaji dakika nne baada ya miaka mitano na ushee ili apate kipimo kilekile. Wataalamu wa fizikia tiba hupiga hesabu hiyo upya mara kwa mara, na ndiyo maana kidonge hakina budi kubadilishwa. Usalama wa vyanzo vya aina hii nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Nguvu za Atomu ya 2003.

Nitoe hofu moja hapa hapa, kwa kuwa imewatenga wagonjwa wengi na familia zao. Mtu aliyepigwa miale ya gama kutoka nje ya mwili hageuki kuwa chanzo cha mionzi. Miale humpitia au huishia ndani yake, na basi. Bibi aliyetoka kwenye chumba cha mashine anaweza kumpakata mjukuu wake, kula naye sahani moja na kulala naye kitanda kimoja. Anayemkatalia hayo anamwonea.

Sasa miale inafanya nini mwilini? Wengi hudhani inachoma kwa joto. Kipimo chake huitwa grei, nacho ni joule moja ya nishati kwa kila kilo ya mwili, kiasi ambacho hakipandishi joto hata kwa sehemu moja ya elfu ya nyuzi ya selsiasi. Madhara yake hayatokani na joto. Mwale unapopita hung'oa elektroni kutoka kwenye atomi, na kwa kuwa sehemu kubwa ya seli ni maji, mara nyingi kinachopigwa ni molekuli ya maji. Maji hayo yaliyovunjika huacha vipande vikali mno, radikali huru, ambavyo haviishi hata sehemu ya milioni ya sekunde kabla ya kudaka chochote kilicho jirani. Jirani huyo akiwa DNA, uzi wake hukatika au herufi yake huharibika. (Simu za mkononi na minara yake hutumia mawimbi yasiyo na nguvu ya kung'oa elektroni namna hii. Tusiviweke katika kapu moja.)

Seli moja ya mwanadamu ina DNA ya urefu wa karibu mita mbili, yenye jozi za herufi zipatazo bilioni sita, imekunjwa ndani ya kiini kisichozidi sehemu ya mia ya milimita. Grei moja ikiingia humo huacha herufi zilizoharibika kwa maelfu, mikatiko ya uzi mmoja ipatayo elfu moja, na mikatiko ya nyuzi zote mbili ipatayo arobaini. Hiyo elfu moja haiitishi sana seli. Hiyo arobaini ndiyo inayoamua kama seli itaishi au itakufa.

Sababu ni kwamba uzi mmoja ukikatika, mwenzake bado upo na unaonyesha kilichokuwepo. Seli huwa na kazi ya kurekebisha hivyo hata pasipo mionzi yoyote. Tomas Lindahl, mwanakemia wa Sweden, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba DNA huharibika yenyewe, kwa sababu tu imo ndani ya maji yenye joto la mwili: kila seli hupoteza herufi kama elfu kumi kwa siku. Kama hakungekuwa na marekebisho tusingeishi. Vimeng'enya hupita vikikagua herufi, huikata iliyoharibika, huweka nyingine kwa kufuata uzi wa pili, kisha hufunga uzi. Kwa kazi hiyo na nyingine za namna hiyo, Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015. Sancar, mzaliwa wa Savur nchini Uturuki, alikuwa daktari wa vijijini kwao kabla ya kwenda Marekani kusomea biokemia. Nawaambia hili vijana wetu wanaosomea udaktari hapa Mwanza, wasije wakadhani zahanati ya kijijini ndio mwisho wa safari ya elimu.

Nyuzi zote mbili zikikatika mahali pamoja, hakuna wa kunakili. Ncha mbili zinaelea. Zikiachwa, seli itakapogawanyika kipande kizima cha kromosomu kitabaki nyuma na jeni mamia zitapotea. Kwa hiyo seli huuchukulia mkatiko wa aina hii kama dharura, na naomba tuutazame kwa karibu, dakika kwa dakika.

Sekunde za mwanzo: protini mbili, Ku70 na Ku80, ambazo zimeungana kama pete, huivaa kila ncha iliyo wazi. Kundi lingine la protini tatu, MRE11, RAD50 na NBS1, nalo hufika na kuzishika ncha zisiachane. Kundi hili ndilo linaloiita protini kubwa iitwayo ATM. Siku zote ATM huishi wawili wawili, kila mmoja amemfunga mwenzake asifanye kazi. Mkatiko unapotokea hutiana fosfeti, alama ndogo ya kikemia, hufunguka, na kila mmoja huanza kuzitia fosfeti protini nyingine. Zilizokwisha kutambuliwa ni zaidi ya mia saba. Mkatiko mmoja, usioonekana kwa darubini ya kawaida, umeamsha kiini kizima.

Dakika chache baadaye: DNA imeviringishwa kwenye protini ziitwazo histoni, na mojawapo ni H2AX. ATM huzitia alama H2AX zilizo karibu na mkatiko, kisha za mbele yake, na za mbele zaidi, hadi eneo la herufi milioni moja au zaidi linakuwa limetiwa alama. Mwaka 1998 wanasayansi wa maabara ya William Bonner nchini Marekani waliigundua alama hiyo, na tangu hapo tumeweza kuuona mkatiko kwa macho. Seli zikipakwa kingamwili inayong'aa, kila mkatiko hujitokeza kama nukta ndani ya kiini. Ukitazama seli iliyopigwa grei mbili utaziona nukta hizo zimejaa, nyingi zaidi katika nusu saa ya kwanza. Tazama seli kama hizo baada ya saa sita: zimepungua sana. Baada ya saa ishirini na nne, katika seli nzima, zimebaki chache mno. Miaka yote niliyosoma biolojia sijaona jambo linalonistaajabisha kuliko nukta hizo zinavyozimika moja baada ya nyingine.

Kinachozizima ni njia mbili. Ya kwanza ni ya haraka. Ncha husafishwa na kuunganishwa zilivyo, kama mvuvi afungavyo fundo kamba ya wavu iliyokatika: wavu utafanya kazi, lakini kamba imepungua urefu. Herufi moja mbili hupotea, na kwa kuwa sehemu kubwa ya DNA yetu haibebi jeni, mara nyingi hasara haionekani. Njia ya pili ni makini, nayo huwezekana tu seli ikiwa imekwisha kunakili DNA yake ikijiandaa kugawanyika. Hapo kromosomu ina pacha. Protini ya BRCA2 huipanga protini ya RAD51 juu ya ncha, nayo huitafuta sehemu inayofanana kwenye pacha na kunakili herufi zote bila kukosea. Seli za mwanamke aliyerithi kasoro kwenye BRCA2 huweza kukosa uangalifu huo, na hatari yake ya saratani ya matiti na ya ovari hupanda.

Hatari ya njia ya haraka ni kuunganisha ncha zisizo ndugu. Ziwa letu linaujua mkosi huo kwa jina lake. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Uganda, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto, na baadaye akauchora kwenye ramani ukienea katika nchi zenye joto na mvua. Leo tunajua kwamba katika saratani hiyo kipande cha kromosomu ya 8 kimeunganishwa kimakosa, mara nyingi na kromosomu ya 14, na jeni iitwayo MYC imewekwa mahali ambapo haizimwi tena. Huko mkatiko haukuletwa na mionzi. Uliletwa na kimeng'enya cha seli za kinga zenyewe, malaria na kirusi cha Epstein-Barr vikichochea. Kosa la kuunganisha ni lilelile.

Wakati ncha zinaunganishwa, ATM hufanya jambo jingine la lazima: huizuia seli isigawanyike kwanza. Kwa kituo cha kwanza cha ukaguzi, kabla ya kunakili DNA, hutumia protini iitwayo p53. Kwa kawaida p53 hutengenezwa na kuharibiwa mfululizo, hivyo haikai. Mkatiko ukitokea haiharibiwi tena, hujaa ndani ya kiini na kusimamisha kila kitu. Marekebisho yakifaulu, seli huendelea. Yakishindikana, p53 huweza kuiamuru seli ijiue, kwa faida ya mwili mzima. Watoto wachache huzaliwa bila ATM inayofanya kazi, na jeni yao ilitambuliwa mwaka 1995 na timu ya Yosef Shiloh ya Israeli. Mtoto wa namna hiyo akipata saratani na kupewa kipimo cha mionzi ambacho mwingine angekivumilia, chaweza kumuua.

Nafika sasa kwenye saratani inayowasumbua zaidi wanawake wa Tanzania, ya mlango wa kizazi. Karibu zote huanzishwa na kirusi cha HPV. Kirusi hiki kinahitaji seli iendelee kunakili DNA hata kama haifai, kwa hiyo hutengeneza protini yake, E6, ambayo huikamata p53 na kuipeleka kuharibiwa. Hili liligunduliwa mwaka 1990. Fikirini maana yake chini ya mashine ya kobalti. Mgonjwa mmoja, mwale mmoja, aina mbili za seli. Seli nzima ya kibofu au ya utumbo hupata mikatiko, p53 hujaa, seli husimama, hujirekebisha. Seli ya saratani iliyo jirani yake hupata mikatiko ileile, lakini kituo cha kwanza hakina mlinzi. Huingia katika kunakili ikiwa imevunjika, na nyingi hufika kwenye kugawanyika kromosomu zikiwa vipande. Huko ndiko zinakofia, baada ya siku moja, mbili, wakati mwingine baada ya kugawanyika mara kadhaa. Kirusi kilichoiba p53 ili saratani ianze kimeiachia saratani hiyo udhaifu, na tiba huingilia hapo.

Hesabu ya vifo hivyo vya seli nayo imetokana na mwanamke mwenye ugonjwa huu. Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi, alitibiwa Baltimore kwa radiamu na akafariki Oktoba 1951. Seli zilizochukuliwa kwenye uvimbe wake, bila yeye kuombwa ridhaa, ziliendelea kukua maabara. Mwaka 1956 Theodore Puck na Philip Marcus walizitumia kuchora kwa mara ya kwanza mstari unaoonyesha ni seli ngapi za binadamu hubaki hai kwa kila kipimo cha mionzi. Kila mpango wa matibabu unaopangwa leo, Bugando au London, una deni kwa mama huyo.

Kwa nini basi mgonjwa asipewe kipimo chote siku moja akarudi nyumbani kwake Ukerewe? Swali hili huulizwa na kila familia, na ni swali zuri. Katika miaka ya 1920 Claude Regaud, akiwa Paris, aliona kwamba kipimo kikubwa cha mara moja kwenye korodani za kondoo dume kiliharibu ngozi vibaya, ilhali kipimo kilichogawanywa kwa siku kadhaa kilizuia uzazi na kuiacha ngozi salama. Mwaka 1959 Mortimer Elkind na Harriet Sutton walionyesha sababu: kati ya kipimo na kipimo, seli zilizojeruhiwa bila kufa hujirekebisha katika muda wa saa chache. Ndiyo maana kwa saratani ya mlango wa kizazi kawaida ni grei mbili hivi kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki tano, kisha mionzi ya ndani, ambayo chanzo chake huwekwa kwa muda karibu na uvimbe. Saa ishirini na nne kati ya kitanda na kitanda ni saa za seli nzima kurekebisha. Seli za saratani nazo hujaribu, ila hubaki nyuma kidogo kila siku, na kidogo hicho mara ishirini na tano ndicho tiba.

Lakini saa hizo zikigeuka siku kumi, mambo hugeuka. Baada ya wiki tatu au nne za matibabu, seli za saratani zilizosalia huanza kuzaliana kwa kasi kuliko mwanzo. Kwa hiyo madaktari husisitiza kwamba matibabu yote, pamoja na mionzi ya ndani, yaishe ndani ya wiki nane. Makadirio ya tafiti mbalimbali ni kwamba kila siku inayozidi hapo hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa takriban asilimia moja. Mgonjwa aliyerudi kijijini wiki mbili kuvuna mpunga amepoteza kitu ambacho kuongeza kipimo baadaye hakukirudishi chote bila kuumiza viungo vingine.

Kuna la damu pia. Oksijeni ikiwepo, jeraha la radikali kwenye DNA huwa gumu kurekebishika. Uvimbe usio na oksijeni huhitaji kipimo kikubwa karibu mara mbili na nusu hadi tatu ili seli zake zife vilevile. Mwanamke anayetokwa damu kwa miezi, ambaye pia ana malaria au minyoo, hufika kwenye mashine akiwa na upungufu wa damu na uvimbe wenye njaa ya oksijeni. Anayejitolea kutoa damu katika benki ya damu ya mkoa huu anaiongezea mashine nguvu, na nasema hivyo bila kutia chumvi.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa Mara, Kagera au Kigoma aliyehitaji mionzi ilimlazimu kufika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 1,100 kwa barabara kutoka hapa Mwanza. Kuwa na huduma hiyo Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayobeba rufaa za kanda nzima, ni ukombozi. Daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025 limemwondolea mtu wa Sengerema na Geita foleni ya kivuko. Hata hivyo hakuna daraja litakalomfanya mtu wa Biharamulo au Kasulu aje kila asubuhi na kurudi jioni kwa wiki zote hizo. Lazima alale Mwanza.

Kinga, bila shaka, ni bora kuliko yote niliyosema, na Mwanza imeipa dunia mchango wake. Kuanzia 2017 wasichana 930 wa hapa, wa miaka 9 hadi 14, walishiriki jaribio la DoRIS lililolinganisha dozi moja, mbili na tatu za chanjo ya HPV. Matokeo yake yalikuwa sehemu ya ushahidi uliolifanya Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 likubali dozi moja, na Tanzania ikahamia dozi moja mwaka 2024. Mzazi ambaye binti yake hajachanjwa aende kituo cha afya wiki hii.

Kwa wale ambao ugonjwa umekwisha kuwafikia, ombi langu ni kwenu mlio na nyumba Nyegezi, Igoma, Buhongwa, Kirumba na Pasiansi. Shangazi, dada au jirani wa kijijini akipangiwa mionzi, mpeni chumba kwa wiki zote hizo, na asiondoke kabla ya kumaliza hata kama anajisikia amepona. Waheshimiwa madiwani na wakuu wa wilaya za kanda hii, viongozi wa makanisa na misikiti, tengeni fedha za malazi na nauli za wagonjwa hawa kama mnavyotenga za dawa. Mgonjwa akikosa siku, familia isiogope kurudi. Impeleke kesho yake asubuhi, imweleze daktari ukweli, naye atapanga jinsi ya kuifidia siku hiyo mapema.